“Used to”: jibu kwa kijana aliyeulizwa “And now?”

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, naishi Arusha. Nimefanya kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro kwa misimu minne, nikaacha, sasa natafuta kazi ya kuongoza watalii. Juzi nilifanyiwa usaili kwa Kiingereza. Nilipoulizwa kuhusu ratiba yangu ya siku nikajibu, “I used to wake up at five and I am used to work hard.” Mama aliyekuwa ananisaili akaniuliza, “And now?” Sikumwelewa, nikarudia jibu lilelile. Kazi sikuipata. Naomba unifafanulie: “used to” maana yake hasa ni nini? Kwa nini mara inaandikwa na d, mara haina? Na “wont”, niliyoikuta kitabuni bila ritifaa, ni ndugu yake?

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la yule mama, kwa sababu jibu lako lote limo humo. Hakukukatiza wala hakukudharau. Ulitaka kumwambia “huamka saa kumi na moja alfajiri”. Yeye akasikia “zamani nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri”, na mtu akianza na ya zamani, msikilizaji husubiri asikie ya sasa. Akakupa nafasi umalizie: na siku hizi je? Wewe ukamrudishia palepale, kwamba zamani ulikuwa unaamka mapema.

Nimesahihisha madaftari ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, ya watoto wa kidato cha kwanza na ya watu wazima wanaojiandaa kwa usaili kama wewe. Likitajwa kosa ambalo mwanafunzi hodari hulifanya sawasawa na mzembe, kwangu ni hili. Chanzo chake ni herufi mbili za Kiswahili: hu-. Darasani tulikaririshwa kwamba hu- ni ya mazoea. Kipindi cha Kiingereza kilipofika, tukaambiwa “used to” nayo ni ya mazoea. Mwanafunzi akaweka alama ya sawasawa katikati, akafunga daftari. Miaka yangu ya mwanzo nami nilifundisha hivyohivyo, na leo najuta.

Tazama hu- inavyofanya kazi. Mimi huamka, wewe huamka, wao huamka: haionyeshi nani, na wala haionyeshi lini. Ndiyo maana methali zinaipenda. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kibaba kilijaa hivyo jana, kinajaa hivyo leo, na kesho kitajaa vivyo hivyo. Hu- inasema jambo ni la kawaida, basi. Haigusi kama limekoma au linaendelea.

“Used to” inakwenda njia nyingine kabisa. Imefungiwa kwenye wakati uliopita, na inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo lilikuwa likijirudia au lilidumu, na kwamba sasa halipo tena. Hilo la pili ndilo tunalolisahau. Mtu akisema “Kinshasa used to be called Léopoldville”, amekueleza jina la zamani na wakati huohuo amekueleza kwamba jina hilo limeondoka, na kweli liliondoka mwaka 1966. Akisema “My father used to smoke”, umeshajua kwamba mzee ameacha sigara, au amefariki. Hahitaji kuongeza neno.

Nitakupa kisa kimoja ili uone kwa nini nalikazania jambo hili kuliko hata matamshi. Zamani kidogo nilikuwa miongoni mwa watu walioombwa kuwatafsiria madaktari wageni waliokuja kupima watu bure. Meza ya jirani aliketi bibi wa miaka sabini hivi, na mkalimani wake alikuwa kijana mwenye Kiingereza cha kasi, kizuri kukisikiliza. Daktari akauliza kama bibi anatumia dawa yoyote. Bibi akajibu, “Hunywa za presha, asubuhi na jioni.” Kijana akatafsiri: “She used to take blood pressure tablets, morning and evening.” Daktari akaandika kwamba mgonjwa alikuwa akitumia dawa na ameziacha. Akapima, presha iko juu, akamwandikia aanze dawa upya. Bibi alipokabidhiwa pakiti akaitazama, akafungua pindo la kanga yake, akatoa pakiti ileile, ndani vimebaki vidonge vinne. Akauliza, “Sasa hizi nimpe nani?” Ndipo ikajulikana. Kama asingekuwa amezifunga kwenye kanga siku ile, angerudi nyumbani akanywe za huku na za huku. Neno moja tu.

Basi huamka kwa Kiingereza ni nini? Ni “I wake up”. Umbo lile la kwanza kabisa tulilofundishwa, lisilo na pambo, ndilo hu- ya Kiingereza. “I wake up at five.” “She takes blood pressure tablets.” Wanafunzi wengi hawaridhiki nalo, huona limekuwa jepesi mno, kama chai isiyo na sukari, wakatafuta kitu cha kuongezea. Ukitaka kuongeza, ongeza “usually” au “every day”: “I usually wake up at five.” Usiongeze “used to”.

Ukigeuza upande, “used to” kwa Kiswahili ina nyumba yake, na si hu-. Ni “alikuwa akiamka”, “alikuwa anaamka”, au “zamani aliamka” kama mazungumzo yenyewe yanaonyesha kwamba ni ya kale. Wasemaji wa bara wana namna nyingine ambayo walimu tunaikatia mstari mwekundu. Nenda Mwanza, nenda Nairobi, utasikia “tulichezaga hapa”, “alikujaga sana kwetu”. Hiyo -ga imeingia kutoka lugha za Kibantu za bara, Kisukuma na Kikuyu zikiwemo, na haimo katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo usije ukaiandika kwenye barua ya kazi. Lakini kwa ajili ya kuelewa tu, sijapata tafsiri iliyo karibu zaidi: “We used to play here” ni “tulichezaga hapa”, hata ule mwonjo wa kukumbuka umo. Kama unatoka familia inayosema hivyo, tumia sikio lako hilo. Pale ambapo nyumbani mngesema “nilikuwaga”, Kiingereza kitakubali “used to”. Pale ambapo mngesema “huwa”, hakitakubali.

Kuna mipaka miwili ya kuiangalia, na ya kwanza inakuhusu. Umeniambia ulibeba mizigo mlimani misimu minne. Ukishataja idadi au muda uliopimika, achana na “used to”. Sema “I worked as a porter for four seasons.” Bila idadi, sema “I used to work as a porter.” Hesabu huufunga muda kamili, na “used to” haipendi kuhesabiwa. Mpaka wa pili ni “would”. Kwa matendo yaliyojirudia inaweza kukaa mahali pa “used to”: “My grandmother would tell us stories every night.” Lakini kwa hali, kama kuishi mahali au kumiliki kitu, haiwezi. “I used to live in Moshi” ni sawa. Ukisema “I would live in Moshi”, umeshahamia kwenye “ningeishi”.

Sasa njoo kwenye nusu ya pili ya jibu lako, “I am used to work hard”. Hapa ulikuwa karibu zaidi, maana kweli hii ndiyo ya kuzoea. Ikitanguliwa na “am”, “is”, “are” au “was”, “used to” huacha kabisa habari ya zamani na kuwa hali ya mtu: nimezoea. Na hapa Kiswahili chako kinakusaidia, kwa sababu nasi husema “nimezoea” kwa -me-, yaani mazoea yalishaingia na bado yamo. Kilichokuponza ni kitu kidogo kinachofuata. Ile “to” si ile ya “to work”, ya kutambulisha kitenzi. Ni “to” ya kuelekea kitu, kama “na” katika “nimezoeana na baridi”. Baada yake panatakiwa jina, au kitenzi kilichovalishwa -ing ili kiwe kama jina. “I am used to working hard.” Ukisahau kanuni, jaribu hivi: weka jina la kitu mahali pa kitenzi. “I am used to the cold.” Inakubali? Basi kitenzi kikija hapo kivae -ing. Jaribu vivyo hivyo kwa ile ya zamani, “I used to the cold”. Unaona inavyovunjika? Basi hiyo inataka kitenzi kitupu: “I used to carry tents.”

Wapo wanaoikata katikati na kusema “I am used”, wakimaanisha “nimezoea”. Nimeisikia mara nyingi Kenya, na siku hizi naisikia kwetu pia. Ukimwambia hivyo mzungumzaji wa Uingereza au Marekani atakuonea huruma, kwa sababu amesikia “ninatumiwa”, kana kwamba kuna mtu anakunyonya. Usiiache bila mkia: “I am used to it.”

Kama mazoea ndiyo kwanza yanaingia, tumia “get”: “I am getting used to the altitude”, ninaanza kuzoea ile hali ya juu mlimani. Sentensi hiyo utaitumia sana kwa wageni wako. Utawaambia, “You will get used to it.”

Lakini -zoea yetu ina chumba ambacho Kiingereza hakina. Mtu akikuambia kwa ukali “Umenizoea!”, hasemi kwamba mmekaa pamoja muda mrefu. Anasema umemvunjia heshima, umejisahau ukadhani ni rika lako. Ukimtafsiria mgeni “You are used to me”, atatabasamu na kukushukuru. Hasira yote itakuwa imemwagika njiani. Hapo sema “Don’t be so familiar with me”, au, kwa wepesi zaidi, “Show some respect.” Nalitaja hili kwa sababu kazi ya kuongoza watalii ni kukaa kati ya mpishi, wapagazi na wageni, na siku moja ugomvi wa aina hii utakufikia mikononi uutafsiri.

Uliuliza kuhusu d. Hapa jambo la kwanza ni sauti, kwa sababu maandishi yameharibiwa na sauti. Kitenzi “used” cha “nilitumia” hutamkwa kwa z, kama z ya zawadi, na d yake inasikika. “Used” ya mazoea, zote mbili, hutamkwa kwa s, kama s ya sasa, kisha d inamezwa na t ya “to”. Ukisema kwa mwendo wa kawaida hutoka kama neno moja, “yuustu”. Chukua sentensi hii: “This is the knife I used to cut meat with.” Isome kwa z, unaonyesha kisu ulichotumia kukatia nyama, huenda ni leo mchana. Isome kwa s, unaonyesha kisu ulichokuwa ukikatia nyama siku za nyuma, na sasa umepata kingine. Karatasini ni sentensi moja. Mdomoni ni mbili. Jizoeze kuisoma kwa sauti mara kumi kumi, hata jikoni, mpaka ulimi utofautishe.

Kwa kuwa d haisikiki, watu wengi, hata waliozaliwa na lugha yenyewe, huandika “I use to live there”. Ni kosa la maandishi, weka d. Inaondoka kwa haki mahali pamoja tu, baada ya “did”, kwa sababu “did” imeshabeba wakati uliopita: “Did you use to smoke?” na “It didn’t use to rain in July”, zamani mvua haikuwa ikinyesha Julai. Utakutana na “didn’t used to” kwenye magazeti na ujumbe wa simu, na masikio hayawezi kuzitofautisha, lakini kwenye mtihani au barua rasmi usiiandike. Wazee wa Uingereza walisema pia “used not to”. Ielewe ukiisoma, lakini huna haja ya kuisema. Ukitaka njia isiyo na mtego, sema “never used to”: “It never used to rain in July.” Hapo d inabaki palepale.

Kuna jambo ambalo huwaambia wanafunzi wangu wanapoona aibu. Ile “I use to” ya wakati uliopo, mnayoitumia kwa maana ya huamka, iliwahi kuwa Kiingereza kizuri kabisa. “Use” kama jina ilikuwa na maana ya desturi, na kitenzi chake kilitembea katika wakati uliopo bila kizuizi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, Zaburi ya 119 aya ya 132 Mungu anaombwa arehemu “as thou usest to do unto those that love thy name”, yaani kama utendavyo siku zote kwa walipendao jina lako. Hiyo ni hu- yetu hasa. Karne zilizofuata wenyewe wakaiacha ile ya wakati uliopo, wakabaki na ya zamani peke yake. Kwa hiyo akili yako haikukosea kutaka neno la namna hiyo. Lilikuwepo, wakaliondoa.

Biblia hiyohiyo inatufikisha kwenye “wont”. Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 21, palipo na sheria ya ng’ombe mkali. Aya ya 29 inasema ng’ombe aliyekuwa “wont to push with his horn”. Ukishuka hadi aya ya 36, ng’ombe wa aina hiyohiyo ni yule aliyekuwa “hath used to push”. Ng’ombe mmoja wa kupiga pembe, tabia moja, maneno mawili. Kwa hiyo ndiyo, ni ndugu, ila “wont” ndiye mkubwa kwa umri na ametoka ukoo tofauti. “Use” ilikuja kupitia Kifaransa kutoka Kilatini. “Wont” ni ya Kiingereza cha kale chenyewe, kutoka kitenzi “wunian”, kilichokuwa na maana ya kukaa mahali na pia ya kuzoea. Ukistaajabu kwamba kuishi na kuzoea vilikaa katika neno moja, kumbuka sisi tunavyosema mtu ana uenyeji na njia fulani. Kakaa, kapita, kaijua.

Leo “wont” imebaki kwenye vitabu na hotuba. Utaikuta katika “as was his wont”, kama ilivyokuwa desturi yake, au “he is wont to complain”, hukosi kumsikia akilalamika. Zingatia kwamba hii ya pili ni ya wakati uliopo: “wont” ilibaki na uwezo ambao “used to” iliupoteza. Isiyo na ritifaa ni mazoea. Yenye ritifaa, “won’t”, ni kukataa, hata-. Waingereza huzitamka kwa namna moja, na Wamarekani wengi huitamka “wont” kama “want”. Ijue unaposoma. Kwenye usaili iache, itasikika kama mtu aliyekuja na joho la harusi kwenye mkutano wa kawaida.

Turudi kwa yule mama, au kwa mwenzake utakayekutana naye kwenye kampuni nyingine. Atakuuliza tena habari zako na ratiba yako. Una maisha ya zamani ya kumweleza, una desturi inayoendelea, na una jambo ambalo mwili wako umelizoea. Kila moja lina umbo lake, na unaweza kuyasema kwa mfululizo huu:

“I used to work as a porter on Kilimanjaro. I still wake up at five every day. I am used to working in the cold.”

Ya kwanza imekwisha, ndiyo maana ina “used to”. Ya pili inaendelea, kwa hiyo kitenzi kiko kitupu, na “still” inamjibu swali lake kabla hajaliuliza. Ya tatu ni nimezoea, yenye “am” mbele na -ing nyuma. Zisome kwa sauti usiku wa kuamkia usaili, na hizo “used” mbili zote uzitamke kwa s.